Meza ya Watu Wawili

Mguu wa kulia wa Bi Mapazia haukuwa na adabu hata kidogo. Kwa miaka yote aliyoshona mapazia ya watu, mguu ule ulizoea kukanyaga pedali ya cherehani, na sasa ulikanyaga hata pasipo na pedali: chini ya meza, kitandani, kwenye benchi la kliniki. Siku za raha ulikwenda polepole. Tangu mjukuu wake aingie katika nyumba hii ulikwenda mbio mchana kutwa, na mwenyewe akiukamata goti ili utulie, wa kushoto unapokea zamu.

Mjukuu alikuwa binti wa miaka sita, mwembamba, mwenye macho makubwa yasiyosema kitu, na majirani walimwita Kadogo. Alizaliwa Ugiriki. Baba yake, mtoto wa pekee wa Bi Mapazia, alikuwa baharia. Meli ilitia nanga huko, akaingia mgahawa mmoja kula samaki, akatoka na mchumba. Utani huo zamani aliupenda mno. Sasa haumtoki tena, kwa sababu yule mchumba aliyekuja kuwa mke aliugua akafa, baba wa marehemu, mwenye mgahawa ule, akaufunga kwa majonzi, na baharia akaacha bahari. Alirudi kwa mama yake na begi moja na mtoto mmoja, akapata kazi ya kutengeneza majokofu kwenye karakana ya watu.

Na mtoto hali. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lote. Ukimkalisha kwenye kiti anateleza chini taratibu, anakwenda kusimama ukutani karibu na sinki, mikono nyuma, anawatazama wanaokula. Nyumba ya fundi nayo haiishi watu: huyu kaja kupimiwa, yule kaja kuchukua, kila mmoja anawekewa kikombe, na chai haiondoki mezani mpaka jioni. Kadogo anasimama tu pale ukutani. Mara chache Bi Mapazia alimfuma jikoni amesimama peke yake, anatafuna mkate mkavu kama mwizi.

Kilichomuudhi zaidi bibi wa watu ni yale majibu. Akimwuliza, "Nikupakulie?" mwiko mkononi, mtoto anarusha kichwa juu, anainua nyusi, na ulimi unalia kamlio kadogo kama msonyo uliokatwa. Sasa jamani, mtu akikuinulia nyusi si amekubali? Bi Mapazia anapakua. Anauliza, "Nikuongeze?" Nyusi juu. Anaongeza. Sahani inageuka kichuguu cha wali, na mtoto anaitazama huku machozi yanamlenga.

"Ananikubalia huku ananisonya," alilalamika kwa mwanawe. "Watoto wa siku hizi! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni."

Mwanawe hakucheka. Ilikuwa siku waliyotoka kliniki, na alikuwa bado hajavua viatu.

"Mama, nimechoka kumwangalia anapukutika. Umemsikia muuguzi, uzito unashuka. Mama yake mdogo wa kule anamtaka, kila mara ananipigia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao atapiga tena, na atataka jibu. Kama mpaka siku hiyo mtoto hajaanza kula, nampeleka."

"Unampeleka wapi? Kwao ni hapa."

"Kwao ni pale atakapokula."

Bi Mapazia alikuwa na majibu, tena ya kumtosha, lakini yote yalikuwa ya hasira na hakuna lililokuwa dawa. Alimtaka mtoto huyu. Alimtaka kwa uchoyo, bila aibu. Mwanawe mwenyewe aliikopesha bahari, na bahari ikamrudishia nusu mtu. Huyu mdogo hakuwa tayari kumwachia yeyote, hata huyo mama mdogo ambaye kwa sauti ya kwenye simu alionekana mwanamke mwema tu.

"Basi zungumza naye," alisema. "Wewe si unakijua Kigiriki?"

Mwanawe akageuza uso. "Kigiriki kilikuwa cha mama yake. Nikikitia mdomoni namsikia yeye. Halafu mwalimu wa chekechea kasema tumzoeshe Kiswahili tu. Niache, Mama."

Akamwacha. Shauri lenyewe hakuliacha.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Fundi Redio, mzee aliyetengeneza redio enzi za redio. Siku hizi alitengeneza simu, ila jina lilikuwa limeshamganda, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko stesheni zote alizowahi kuzikamata. Bi Mapazia alimpelekea simu yake, akamwambia mlango ufungwe kwanza.

"Nataka Kigiriki," alisema.

"Bi Mapazia! Umepata mchumba?"

"Nimepata mjukuu. Nitafutie masomo humo ndani, na ukimwambia mwanangu nitakushona mdomo kwa uzi wa nailoni."

Fundi akatafuta, akapangusapangusa miwani, akatafuta tena. Masomo yalikuwapo. Kulikuwa na Salamu, Familia, Mwili, Hisia za Moyo, kila somo na picha yake ya kupendeza. Tatizo ni kwamba yote yalikuwa na kufuli mpaka ulipie kwa kadi ya benki, na kati yao wawili hapakuwa na aliyewahi hata kuishika kadi hiyo. Lililoachwa wazi, la kuonjesha watu, lilikuwa moja: Chakula na Mgahawa.

"Yaani nitaweza kumwomba chumvi," alisema Bi Mapazia, "lakini siwezi kumwambia nampenda."

"Anza na chumvi," alisema Fundi.

Basi akaanza. Simu aliichomeka kwenye kikapu cha nyuzi, na mwalimu wa kike mwenye sauti ya upole akawa anataja neno kwa Kigiriki, kisha kwa Kiingereza cha polepole, nacho Bi Mapazia alikijua cha kumtosha kwa kuwapimia mapazia watu wa maofisini. Psomi, mkate. Nero, maji. Alati, chumvi. Psari, samaki. Pindo moja, neno moja. Mguu unakanyaga, mdomo unarudia, na siku nyingine mstari wa cherehani ulikwenda upogo kwa sababu fundi alikuwa anatafuta uma kwa Kigiriki. Mteja mmoja aliyefuata pazia la sebuleni alimkuta akiiambia cherehani "parakalo", yaani tafadhali. Akachukua mzigo wake akaenda zake kimya.

Siku aliyothubutu ilikuwa mchana, hakuna mteja, mwanawe yuko kazini. Kadogo alikuwa mahali pake ukutani. Bi Mapazia alikaa mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri sindano, akasema, "Nero, parakalo."

Mtoto aligeuka kama aliyeitwa kwa jina lake. Alimtazama bibi yake kwa muda, akitafuta pale usoni sauti hiyo ilikotoka. Halafu akavuta kigoda, akapanda, akafungua bomba, akateremka na glasi. Hakuileta mkononi. Aliiweka juu ya kisahani, kisahani akakibeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaenda nyuma ya mgongo.

"Oriste," alisema, yaani karibu, akaiweka mezani upande wa kulia.

Ndiyo mara ya kwanza Bi Mapazia kuisikia sauti ya mjukuu wake. Ilikuwa nzito kidogo, ya mtu mzima aliye kazini. Alikunywa yale maji yote, na alipoangalia chini akaona mguu wake umesimama.

Mtu akionja asali huchonga mzinga. Bi Mapazia akajitosa na sentensi ndefu aliyoijua, ile ya kufungulia somo: "Ena trapezi ya dio, parakalo." Meza ya watu wawili, tafadhali. Somo halikumfundisha kuomba ya mtu mmoja, na hata lingemfundisha asingeomba, maana wa pili aliyemkusudia ni mtoto mwenyewe.

Lo, mtoto alivyochangamka! Alipangusa meza mpaka pembeni. Akachomoa kipande cha bitana kwenye kapu la vitambaa, akakitandika. Kipande kingine akajifunga kiunoni. Akapanga sahani mbili, uma mbili, glasi mbili, akavuta kiti cha pili, akasimama kando yake akitazama mlangoni.

"Wewe," alisema Bi Mapazia, akipiga kiti kwa kiganja. "Kaa wewe, mama."

Kichwa juu, nyusi juu, kamlio. Bi Mapazia akasubiri akae. Mtoto hakukaa. Aliendelea kutazama mlango, na chakula hakuleta, kwa kuwa mteja amesema watu wawili na wawili hawajatimia. Mwishowe bibi alilazimika kutoka nje na kumwita Fundi Redio, aliyefika bila kubembelezwa, akala sahani yake, akaomba na mkate.

Ni siku hiyo hiyo Fundi aliposema maharage hayajakolea chumvi. Bi Mapazia akaona nafasi ya kujigamba. "Alati, parakalo!" Kadogo akaenda kabatini, akapekua, akarudi, akarusha kichwa, nyusi juu, ulimi ukalia. Bi Mapazia akamtabasamia na kungoja chumvi yake. Akangoja. Mtoto akarudia, nyusi juu zaidi. Alipoona wazee hawa hawaelewi, akaenda akaleta kopo lenyewe, akalipindua mbele yao. Lilikuwa tupu.

"Bi Mapazia," alisema Fundi taratibu, "nadhani huyu anasema hapana."

Bi Mapazia aliweka uma chini. Vile vichuguu vyote vya wali vilimpita mbele ya macho, kimoja kimoja. Mtoto wa watu alisema hapana, hapana, hapana, na yeye akampakulia.

"Mimi ni mjinga, Fundi," alisema, na sauti ikampasuka. "Mjinga mwenye mvi."

"Kuuliza ndiyo dawa ya ujinga. Muulize Mama Mwalimu wako wa simu."

"Yule haonyeshi kichwa. Ni sauti tu."

Toka hapo kila mchana nyumba ya mapazia iligeuka mgahawa. Kadogo alikuwa mhudumu wa kweli, tena mkali. Ukiweka kiwiko mezani anakitazama mpaka ukiondoe. Ukiita, anajibu "Amesos!", mara moja, na kweli ni mara moja. Alianza kuokota na maneno ya Kiswahili njiani: moto, bado, sogea. Wateja waliokuja kupimiwa mapazia walijikuta wameletewa maji kwenye kisahani, na mmoja alitaka kujua kama bei imepanda kwa ajili ya huduma. Bi Mapazia alicheka siku hizo kicheko ambacho hakukumbuka kama bado anacho.

Ila mtoto hali. Jamani, hali! Anapakua, anapeleka, anaondoa sahani, anaongeza maji, na yeye mwenyewe hatii hata punje mdomoni. Wateja wakishashiba anakuja kusimama nyuma ya kiti cha bibi yake, mkono kwenye kile kitambaa cha kiunoni, na anangoja. Anangoja nini? Anahamisha uzito mguu huu, anahamisha mguu huu. Anasogea mbele, anamchungulia bibi usoni, anarudi nyuma. Bibi naye mguu wake unakanyaga chini ya meza. Wawili hao walikuwa wanahangaishana bila kusemeshana, na hakuna aliyejua mwenzake anataka nini.

Somo la Chakula na Mgahawa lilikuwa na sentensi ya mwisho. Ton logariasmo, parakalo. Naomba bili. Bi Mapazia aliijua kuliko zote, kwa kuwa kila ilipofika aliizima haraka, na jambo unalolikimbia kila siku ndilo linalokukaa kichwani. Hakuitamka hata mara moja. Wakati wa kuitamka ukifika aliomba maji mengine, au mkate mwingine, au alisifu samaki ambaye hakuwa samaki. Makalio yakimuuma anavumilia.

"Omba bili tuondoke, nina kazi za watu," Fundi alimnong'oneza siku moja.

"Siombi."

"Kwa nini?"

"Mteja akipewa bili anaondoka. Nikiomba bili duka limefungwa, mchezo umekwisha, na mtoto anarudi ukutani. Ndicho kitu pekee nilicho nacho naye, Fundi. Sikifungi kwa mdomo wangu mwenyewe."

Fundi akajikuna kidevu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wenyewe. Wewe umekuwa mgeni wa mjukuu wako mwezi mzima, tena ndani ya nyumba yako. Jembe lako liko wapi?"

"Kula unyamaze."

Kliniki walirudi, na mzani haukuwa na huruma. Muuguzi aliandika, akatikisa kichwa, akauliza kama nyumbani kuna chakula. Kuna chakula! Bi Mapazia alitamani ardhi ipasuke. Wakashika njia ya nyumbani. Mwanawe alimbeba mtoto begani, na miguu yake miembamba iliyumba kila hatua.

"Umeona," alisema mwanawe walipofika.

"Anaongea sasa. Anacheka. Hujamwona mchana."

"Nimesikia, Mama. Fundi kaniambia mambo ya mgahawa." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza mama yake zaidi. "Ni vizuri. Lakini mchezo haujazi tumbo. Kesho shemeji akipiga namwambia naja naye."

Jumamosi ikafika na mwanga wa kawaida tu. Mwanawe hakwenda kazini. Bi Mapazia alipika kwa vurugu, akaunguza vitunguu, akaanza upya, akakosana na mwiko, na kila sauti ya nje alidhani ni simu. Simu yenyewe ilikuwa juu ya jokofu, imewekwa hapo na mwanawe ili isikike. Alipomaliza akakaa mezani, akamwashiria mwanawe akae kiti cha pili. Fundi hakuitwa.

"Ena trapezi ya dio, parakalo," alisema.

Baharia alishtuka kusikia maneno hayo kwenye mdomo wa mama yake. Kadogo akatandika kitambaa. Akaleta maji, akaleta mkate, akaleta samaki, wa kweli siku hiyo, na wali, na nyanya zilizokatwa. Alimhudumia baba yake kama anavyomhudumia mteja yeyote, bila kumpendelea. Baba mtu alikula kidogo akiwa ameinamisha uso. Sahani zikaisha. Mtoto akazitoa, akaja kusimama nyuma ya kiti cha bibi yake, mkono kiunoni, mguu huu, mguu huu, akangoja.

Bi Mapazia alifungua mdomo aombe maji mengine. Akaufunga. Alichoka. Alimwona mtoto huyu akipandishwa ndege na kitambaa cha bitana kiunoni, duka lake limeachwa wazi, meza haijapanguswa, wateja wamekaa tu hawataki kuondoka. Angalau amalize kazi yake. Angalau hilo. Lisilo budi hutendwa.

"Kadogo," alisema, na ile sentensi ikamtoka kwa shida, kama uzi mnene kwenye tundu dogo. "Ton logariasmo, parakalo."

Mtoto alishusha pumzi ndefu, mabega yote yakashuka.

"Kerasmeno," alisema.

Neno hilo halikuwamo kwenye somo. Bi Mapazia alimgeukia mwanawe. Kadogo alikuwa ameshakimbilia jikoni, wakamsikia akivuta kigoda.

"Anasema hakuna bili," alisema baharia. Sauti yake ilikwaruza. "Anasema leo ni zawadi ya nyumba. Babu yake alikuwa akiwafanyia hivyo wateja aliowapenda. Ukiomba bili anakuletea tunda, na hakutozi."

Chungwa likaja, limemenywa vibaya, limepangwa duara kwenye kisahani. "Oriste." Mtoto akaliweka kati yao, akaenda mlangoni, akausukuma mpaka ukafungika. Akafungua kile kitambaa kiunoni, akakitundika kwenye msumari wa mapazia. Kisha, bila kuombwa na mtu, alivuta kiti cha tatu, akachukua sahani, akajipakulia wali na kipande cha samaki, akakaa. Akala.

Alikula kama mtu aliyetoka zamu. Alimumunya mwiba, akaufuta uma kwa mkate, akala na mkate. Wakubwa wawili walimtazama na hakuna aliyethubutu kusogeza hata glasi.

"Wenye nyumba hula mwisho," alisema mwanawe kwa sauti ndogo. "Mgahawani kwao. Mteja wa mwisho akishapata bili, mlango unafungwa, ndipo familia inakaa. Mtoto hakai na wateja, na hapa kwako wateja hawaishi na mlango haufungwi. Mimi nikienda likizo walikuwa wananilisha na wageni, nalala mapema, wao wanakula baadaye. Nilikuwa nawasikia tu wakicheka huko chini." Akajifunika uso. "Nilijua, Mama. Nilijua nikasahau."

"Na mimi nilikuwa nayo!" Bi Mapazia alipiga meza, hasira na kilio vimegongana. "Mwezi mzima nilikuwa nayo mdomoni, nikaikalia! Mtoto anakufa njaa nyuma ya kiti changu, anangoja niondoke, na mimi naomba maji! Maji! Nina tumbo la ngamia mimi?"

Kadogo alimtazama kwa ukali, kwa sababu ya kelele. Kisha akateremka, akaenda kwenye sinki, akarudi na kitambaa cha kupangusia meza, akakitia mkononi mwa bibi yake. Akaonyesha makombo. "Bado," alisema kwa Kiswahili, akarudi kwenye sahani yake.

Bi Mapazia alikishika kile kitambaa kibichi. Jembe lake ndilo hili. Alikuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe tangu mtoto huyu aje, na sasa mwenye duka amemwajiri. Alicheka huku machozi yanamdondokea kwenye meza, akayapangusa pamoja na makombo.

Hapo simu ikaita juu ya jokofu.

Mwanawe aliinuka, akaishika, hakuipokea. Alikuja nayo ikilia mpaka kwenye kiti cha bintiye, akachuchumaa. Na kwa mara ya kwanza tangu warudi, Bi Mapazia alimsikia akizungumza Kigiriki ndani ya nyumba hii, polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. Kilikuwa kirefu. Hakikuwa na mkate ndani yake, wala maji, wala chumvi, na bibi hakuambulia hata neno.

"Nimemwuliza kama anataka kwenda kwa mama yake mdogo," alisema baharia, bila kugeuka. "Akitaka, nampeleka. Asipotaka, basi."

Mguu wa Bi Mapazia ulikuwa umesimama. Mkono wake pia.

Mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa, na mwenye adabu za mgahawani haongei mdomo umejaa. Akarusha kichwa juu, akainua nyusi zote mbili, na ulimi ukalia.

"Usinitafsirie," alisema Bi Mapazia kabla mwanawe hajafungua kinywa. "Hilo nalijua. Pokea simu, mwambie shemeji yako aje yeye kututembelea. Meza ipo."

Mwanawe akapokea. Kadogo akaisogeza sahani yake mbele ya bibi, mpaka ikagusa kile kitambaa. Ilikuwa tupu.